Kaole, Irente au Isimila: uanzie wapi na kamera ya fomati kubwa?

Ukitoka nyumbani na makasha matano ya filamu, una picha kumi. Kila kasha hubeba vipande viwili, kimoja kila upande, na kipande kikishapata mwanga hakuna kufuta. Kusimamisha stendi, kufungua kamera, kujifunika kitambaa cheusi, kutafuta fokasi, kupima mwanga, kufunga shata, kuingiza kasha, kuvuta kifuniko: kwa anayeanza kazi hiyo hula dakika 20, na mara nyingi nusu saa. Ndiyo maana swali la "niende wapi?" ni zito kwetu wenye kamera hizi kuliko kwa mpiga picha mwingine yeyote. Mwenye simu akikosea mahali amepoteza dakika. Sisi tunapoteza safari.

Natumia kamera ya mbao yenye filamu ya inchi 4 kwa 5, lenzi moja ya milimita 150 na filamu nyeusi na nyeupe. Nimeipeleka sehemu tatu ambazo mtu anayeanza Tanzania huelekezwa upesi: magofu ya Kaole pamoja na ufukwe wa Bagamoyo, genge la Irente juu ya Lushoto, na korongo la nguzo za udongo la Isimila karibu na Iringa. Zote tatu nimezirudia. Nazilinganisha kwa jicho la mtu mwenye vipande kumi na mikono ambayo bado haijazoea. Mtu huyo namfikiria sana, kwa sababu wengi huifungia kamera kabatini baada ya safari mbili mbaya wakiamini hawana kipaji, kumbe walikwenda mahali pasipomfaa mwanafunzi.

Msimamo wangu niuseme mapema. Anayeanza asitafute mahali panaposifiwa kwa uzuri. Atafute panapomvumilia: pasipotikisika, pasipobadilika mwanga kabla hajamaliza kupima, na anapoweza kurudi.

Kwa kipimo hicho Kilimanjaro na Serengeti nimeviacha nje. Mlima huonekana alfajiri, kisha mara nyingi mawingu huufunika asubuhi hiyohiyo. Na ukiupiga kutoka Moshi mjini, lenzi ya milimita 150 inaufanya kuwa kitu kidogo cheupe juu ya mabati ya nyumba. Serengeti huruhusiwi kushuka kwenye gari isipokuwa sehemu maalumu, na kamera hii haifanyi kazi dirishani.

Umbali, na zaidi ya umbali, kurudi

Bagamoyo iko kama kilomita 70 kutoka Dar es Salaam, na Kaole ni kama kilomita 5 kusini mwa mji wa Bagamoyo. Mwenye gari akiondoka Dar saa 10 alfajiri yuko pale kabla jua halijachomoza, na adhuhuri amerudi nyumbani. Lushoto ni zaidi ya kilomita 350: unapita Segera na Korogwe, unaacha barabara kuu pale Mombo, kisha unapanda kona moja baada ya nyingine. Iringa inakaribia kilomita 500 na inakula siku nzima. Utapita hifadhi ya Mikumi kwa spidi ya 50, kisha Bonde la Mibuyu, kisha Kitonga, na ukifika jioni huna nguvu ya kushika kamera. Hesabu usiku mmoja wa kulala kabla ya kupiga chochote.

Picha ya kwanza ya mahali popote ni ya kupajua tu. Mara ya kwanza Kaole niliweka stendi mbele ya msikiti, sehemu ambayo kila mgeni husimama, na nilipoosha filamu nikaona ukuta umejaa picha nzima bila pa kupumulia. Jumamosi iliyofuata nilirudi nikasogea hatua kama kumi na tano kushoto, mti ukaingia upande mmoja na kaburi upande wa pili, na picha ikakaa. Hatua hizo zilinigharimu mafuta ya gari ya asubuhi moja. Kosa kama hilo nililolifanya Isimila lilisubiri miezi saba kabla sijapata nafasi ya kulirekebisha.

Kwa hiyo kwenye umbali Kaole inashinda kwa mtu wa Dar, na mtu wa Dar tu. Anayeishi Iringa, Mafinga au Dodoma asisome aya hii kama amri ya kushuka pwani. Aliye Tanga, Same au Moshi, Lushoto ndiyo jirani yake.

Mwanga wetu hausubiri

Maelekezo mengi ya kupiga mandhari yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambako jua huchomoza kwa kulala na mwanga laini wa asubuhi hudumu muda mrefu. Huku kwetu karibu na ikweta jua hupanda karibu wima. Ndani ya saa moja baada ya kuchomoza limeshafika karibu nyuzi 15 juu ya upeo, na kufikia saa 3 asubuhi ni kali. Kwa mtu anayetumia nusu saa kwa kila picha, mwanga ule mzuri unatosha picha mbili. Tatu ukiwa na bahati.

Dawa yake ni kufika jana yake jioni. Unatembea bila kamera, unachagua mahali, unaweka mawe matatu pale zitakapokaa nyayo za stendi. Asubuhi unafungua kamera gizani juu ya mawe yako na kazi inayobaki ni fokasi na kipimo. Hilo linawezekana Kaole na Irente. Isimila hakuna haja hiyo kabisa, na hapo ndipo tofauti kubwa ya sehemu hizi tatu inapoanzia.

Irente inatazama magharibi. Asubuhi jua liko nyuma yako na linaiangaza tambarare ya Mazinde na Mombo vizuri, endapo tambarare inaonekana. Mara nyingi ukungu umeijaza. Jioni hewa hufunguka, ila sasa jua liko usoni pako, mbingu ni nyeupe na ardhi imekuwa nyeusi. Mwenye uzoefu atajua la kufanya. Anayeanza atapima ardhi, mbingu itaungua. Au atapima mbingu, mashamba yatapotea gizani.

Ufukwe wa Bagamoyo una tatizo hilohilo kwa upande wa pili: jua linatoka baharini, na kila mtu anataka kulipiga linapotoka. Ushauri wangu ni kuipa bahari mgongo. Yanayofaa filamu wakati ule yako nyuma yako, kwenye miti, kuta za zamani na mashua zilizopandishwa mchangani, yote yakipata mwanga wa chini wa moja kwa moja. Magofu ya Kaole yenyewe yako ndani kidogo, bahari imejitenga nayo na mikoko imeota katikati, kwa hiyo jua la mwanzo hufika limechujwa. Na ikitokea siku ya mawingu usiahirishe safari. Mawe ya matumbawe chini ya mbingu ya kijivu huonyesha kila tundu na kila mkwaruzo, bila vivuli vyeusi vya kukupa taabu.

Isimila ni korongo. Kuta zake zinalizuia jua la asubuhi, kwa hiyo chini unapata kivuli cha wazi kinachojazwa na mwanga unaodunda kutoka ukuta wa upande wa pili. Mwanga huo hauna haraka. Nimewahi kupima nguzo moja, nikabadilisha mawazo, nikahamisha stendi, nikapima tena baada ya dakika 40, na tofauti haikufika stopu moja (stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu). Kwa mwanafunzi hiyo ni zawadi: unaweza kukosea kasha, kusahau kufunga shata, kuanza upya, na picha bado iko pale. Kikomo chake ni jua la mchana. Likiingia hadi chini, sehemu moja ya nguzo inawaka na nyufa zinakuwa shimo jeusi. Juni na Julai jua la mchana huinamia kaskazini, kwa hiyo upande mmoja wa korongo hubaki na kivuli muda mrefu zaidi. Karibu na mwezi wa pili na wa kumi linapita utosini na hakuna pa kujificha.

Upepo, hesabu ya sekunde, na mashua

Twende kwenye namba, kwa sababu upepo ndio unaoharibu picha nyingi za wanaoanza, nao hawajui kwa nini. Chukua filamu ya Ilford FP4 Plus, ISO 125. Ili kitu cha karibu na cha mbali vyote viwe na fokasi utafunga tundu la lenzi hadi f/22 au f/32. Juani, f/32 inakupa sehemu moja ya 30 ya sekunde. Kwenye kivuli cha wazi inakuwa karibu robo sekunde. Weka filta ya rangi ya chungwa, ambayo inakula kama stopu mbili, na umefika sekunde nzima. Ndani ya msitu mzito mita ya mwanga inaweza kukwambia sekunde 10, na hapo filamu yenyewe huanza kuchoka kupokea mwanga: kwa FP4, sekunde 10 za mita zinatakiwa ziwe kama 18.

Kwa sekunde moja, makuti ya mnazi huwa moshi. Nyasi huwa moshi. Kamera nayo, pamoja na mvukuto wake, hushika upepo kama tanga.

Pwani upepo una ratiba: kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kusi huchukua Aprili hadi Oktoba, na siku nyingi hewa hutulia alfajiri hadi kama saa 2 asubuhi. Baada ya hapo piga kuta na makaburi, achana na minazi. Irente asubuhi inaweza kuwa tulivu kabisa; mchana upepo hupanda kutoka tambarare na kugonga ukingo wa genge, yaani mahali hasa ulipoweka stendi. Chini ya korongo la Isimila mara nyingi hata kitambaa changu cheusi hakisogei. (Natumia kaniki mbili zilizoshonwa pamoja. Zinazuia mwanga vizuri na hazina joto la vitambaa vya kununua.) Na hata upepo ukiwapo, nguzo za udongo hazipepei.

Mashua za Bagamoyo nitazikalia kidogo, maana ni somo zuri sana likipangwa vizuri. Jahazi linaloelea halipigiki kwa robo sekunde, mlingoti wake utakuwa miwili. Maji yakipwa, chombo kinakaa mchangani na kutulia kwa saa kadhaa kama nyumba. Shida ni saa. Wakati wa bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yanayopwa sana hupwa karibu na saa 4, asubuhi na usiku, na saa 4 asubuhi jua limeshakuwa kali. Ukisubiri siku ambazo maji yanapwa alfajiri, hizo huangukia karibu na maji mafu, bahari haiendi mbali na vyombo vingine havikai chini. Basi huwezi kupata vyote. Mimi nachagua bamvua yenye mawingu, nafika saa 3 na nusu, na mwanga wa wingu unanisamehe saa. Ukitaka kinyume chake, maji yaliyojaa hadi kwenye mizizi wakati jua linachomoza, nenda siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu. Waulize wavuvi kabla ya kuamini jedwali lolote. Watakwambia mpaka chombo gani kinaondoka lini, na hakuna jedwali lenye habari hiyo.

Kinachoonekana kwenye kioo cha nyuma

Safari yangu ya kwanza Irente ilikuwa ya mwezi wa tisa. Nilisimama pale ukingoni nikakosa la kusema: tambarare imetandazwa chini, mashamba ya mkonge yamepangwa mistari, barabara kama uzi, na mbali milima inayofifia. Nilitumia vipande vinne mahali pamoja. Nilipoviosha, vyote vinne vilikuwa kijivu, kijivu juu ya kijivu.

Sababu zilikuwa mbili, na zote zinahusu kila mahali panapoitwa kituo cha kutazamia mandhari. Ya kwanza ni hewa. Mwishoni mwa kiangazi hewa imejaa vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Filta ya chungwa au nyekundu hukata utusitusi wa bluu unaotokana na umbali, lakini vumbi na moshi haiviwezi. Hewa ya Irente unaitaka baada ya mvua kuiosha, masika yanapoishia, au asubuhi baada ya mvua ya usiku wakati wa vuli.

Ya pili ni kubwa zaidi. Ukiwa juu ya genge huna kitu cha mbele. Kila kitu kiko mbali, kwa hiyo macho yanafurahia upana na kina, lakini filamu haina pa kuanzia. Kamera hii nguvu yake iko kwenye kuunganisha karibu na mbali. Ukiinamisha fremu ya lenzi mbele kidogo, nyuzi chache tu, bapa la fokasi, yaani eneo linalotoka kwa ukali, linalala chini na kufuata ardhi, kutoka jiwe lililo miguuni hadi mlima wa mwisho. Kanuni hiyo inaitwa kwa jina la Theodor Scheimpflug wa Austria, aliyepata hataza yake mwaka 1904. Ukingoni pa Irente haina kazi, maana hakuna ardhi ya kulaza fokasi. Unabeba kilo 12 kupanda mlima halafu unatumia kamera kama ya kawaida.

Kaole na Isimila zinafundisha miondoko ya kamera, kila moja kwa namna yake. Kaole ina misikiti miwili iliyobomoka, mkubwa wake wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo ndefu. Ukiinua kamera kuitazama nguzo ya kaburi, kwenye kioo cha nyuma, unapotafutia fokasi, utaiona inaanguka nyuma. Isawazishe kamera kwa pima maji, kisha inua fremu ya lenzi peke yake: nguzo inaingia picha nzima ikiwa imesimama wima. Ukilifanya hilo mara moja pale, hutalisahau. Isimila ni somo hilohilo lililokuzwa, kwa sababu nguzo zake ni ndefu mara kadhaa na zimekuzunguka pande zote. Nyongeza yake ni sakafu ya mchanga ya korongo, inayokuomba uinamishe lenzi mbele. Hapo utakutana na fumbo ambalo Kaole haina: ukilaza fokasi ifuate mchanga, vilele vya nguzo vinatoka nje ya fokasi. Utahangaika chini ya kaniki ukiinamisha na kurudisha, hadi uelewe kwamba penye kitu kirefu kilicho karibu bora uache lenzi wima na ufunge tundu. Nilijifunza hilo Isimila kwa asubuhi moja, baada ya kulisoma mwaka mzima bila kulielewa.

Nisiinyime Lushoto haki yake. Tangu safari ile ya vipande vinne nimegundua kwamba picha za kule ziko nyuma ya genge. Geuka. Kuna matuta ya mboga yaliyopangwa ngazi, mikaratusi kando ya njia, nyumba za udongo mwekundu. Na kuna msitu wa hifadhi ya Magamba, ambao asubuhi ya ukungu ni kitu ambacho sehemu nyingine mbili haziwezi kukupa. Ukungu hupunguza tofauti ya mwanga na kivuli, unatenganisha mti wa mbele na wa nyuma, na mara nyingi huja pamoja na utulivu wa hewa. Sekunde 18 bila jani kutikisika: imenitokea mara mbili, na moja ya picha hizo ndiyo pekee niliyoitundika ukutani kwangu. Lakini ni msitu. Umejaa vitu, kila upande una matawi, na mwanafunzi anaweza kukaa asubuhi nzima bila kupata pa kuelekeza lenzi. Nenda huko ukiwa umeshaharibu vipande ishirini kwingine.

Chumvi na vumbi

Bagamoyo adui ni unyevu na chumvi. Mikono yenye jasho ndani ya mfuko wa kupakilia filamu huacha alama za vidole, kwa hiyo pakia usiku, mbele ya feni. Futa lenzi na vyuma vya stendi siku hiyohiyo, na usiihifadhi kamera kwenye begi lililofungwa, kuvu itaingia kwenye lenzi. Makasha yasiachwe ndani ya gari juani. Iringa ni vumbi: chembe ikitua juu ya filamu inaacha doa jeusi kwenye picha, na la mbinguni ndilo linaloonekana zaidi. Beba brashi na mfuko wa plastiki kwa kila kasha. Lushoto ni baridi na umande, lenzi hushika mvuke ukitoka chumbani. Hayo yote yanazuilika.

Ruhusa, na watu

Kaole na Isimila ni maeneo ya kihistoria ya taifa, yana kiingilio na waongozaji. Magamba ni hifadhi ya msitu, nako kuna malipo. Kinachohitaji maandalizi si kiingilio, ni kamera yenyewe: stendi na kitambaa cheusi huwafanya watu waamini unapiga filamu ya biashara. Siku moja kabla, fika mlangoni au piga simu, eleza kwamba ni kamera ya zamani ya picha moja moja na unapiga kwa kujifunza, uliza tozo yake, na uombe risiti. Mweleze mwongozaji pia kwamba utahitaji saa mbili au tatu mahali pamoja. Waongozaji wa Isimila wamezoea wageni wanaotazama zana za mawe, wanashuka korongoni, wanapiga simu zao na kuondoka. Mara ya pili mwongozaji wangu alileta kiti chake. Na usishuke korongoni mbingu ikiwa nzito, hata mvua ikiwa inanyesha mbali. Njia hiyo imechimbwa na maji, na maji bado yanaitumia.

Ufukweni Bagamoyo, salimia kabla ya kufungua begi, na usielekeze lenzi kwa mtu anayekarabati chombo chake bila kumwomba. Dawa niliyoiona ikifanya kazi kila mahali ni kumkaribisha mtu chini ya kaniki. Mzee mmoja alitazama mashua yake ikiwa juu chini kwenye kioo, akakaa kimya muda mrefu, kisha akatoka akaanza kunielekeza nisogee wapi. Alikuwa sahihi.

Kabla hujabeba kamera

Kata dirisha la inchi 4 kwa 5 kwenye boksi gumu. Funga uzi wenye fundo sentimita 15 kutoka kwenye boksi, shika fundo karibu na jicho, tazama kupitia dirisha. Hicho ndicho lenzi ya milimita 150 itakachokiona. Kwa lenzi ya 90 funga fundo la pili sentimita 9, kwa ya 210 sentimita 21. Boksi hilo, dira na daftari vinatosha kwa safari ya kwanza ya kila mahali. Irente, boksi langu lingenionyesha ule utupu wa mbele kabla sijafungua kasha hata moja.

Sasa chagua

Kama unaishi Dar au Pwani, anza Kaole, na uende mara tatu kabla ya kufikiria kwingine. Kuta na makaburi kwanza. Mashua subiri uwe umeizoea mita.

Kama una likizo ya wiki na pesa ya safari moja tu kwa mwaka, nenda Isimila, lala Iringa usiku mbili au tatu, piga asubuhi zote. Kati ya hizi tatu ndiyo mwalimu bora, na naisema kwa moyo wote ingawa ndiyo ya mbali zaidi kwangu. Juni na Julai kama unaweza. Machi hadi Mei hapana.

Lushoto iweke ya mwisho, labda mwaka wa pili, na ukienda upe msitu na mashamba asubuhi zako. Genge la Irente nenda jioni, bila stendi, ukae utazame tu. Kama unaishi Tanga au Moshi na Lushoto ndiyo yako ya karibu, anza na matuta ya mboga: yana sehemu ya mbele, hayatembei, na yanakubali kuinamisha lenzi.

Popote utakapokwenda, gawa vipande kumi hivi: vinne siku ya kwanza, vinne ya pili, na viwili usiviguse hadi saa ya mwisho. Tarehe 10 Aprili 1927 Ansel Adams, mpiga picha wa Marekani, kijana wa miaka 25, alipanda na vioo 12 vya picha kwenda kulipiga jabali la Half Dome huko Yosemite. Alipofika mahali penyewe alikuwa amebakiwa na viwili. Cha kwanza alikipiga kwa filta ya njano, kisha akaona mbingu haitatoka kama anavyoihisi, akaweka filta nyekundu iliyokolea kwa kile cha mwisho. Ndicho kilichotoa picha inayojulikana hadi leo.